KIVULI CHA SAA SITA: TULIYOJIFUNZA KWA FIMBO MOJA HUKO MPANDA

Tumeonelea vema kuwasimulia walimu wenzetu, na hasa vijana wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, kosa moja tulilolitenda sisi wenyewe. Tulikuwa tukifundisha darasa la nne katika shule moja iliyo kando ya mji wa Mpanda, na somo lilihusu mambo ya angani yanayojirudia: jua, mwezi na nyota.

Zana yetu ilikuwa fimbo ya mita moja, iliyochomekwa wima mahali tambarare uwanjani, pamoja na kamba na rula. Makundi manne ya wanafunzi yalitakiwa kupima kivuli kila saa. Ulikuwa mwezi wa Julai, kiangazi kimekomaa, mbingu haina hata wingu. Usiku uliotangulia tulikuwa tumekwisha liandika jibu katika andalio la somo, na asubuhi tukawatangazia watoto: kivuli kitakuwa kifupi kuliko vyote saa 6 kamili, jua likiwa katikati ya safari yake.

Jioni tulikusanya madaftari. Makundi matatu yaliandika saa 6, kama tulivyosema. Kundi la nne, lililoongozwa na msichana mmoja mkimya, liliandika hivi: saa 5, sentimita 87, saa 6, sentimita 63, saa 7, sentimita 54, saa 8, sentimita 62. Tukatia alama ya kosa kwa wino mwekundu, kisha tukamwambia mbele ya wenzake kwamba bila shaka kamba yake ililegea. Akajibu kwa sauti ndogo, "Hapana Mwalimu, kamba haikulegea," akaketi.

Jibu lile lilitukosesha raha. Jumamosi tulikwenda uwanjani peke yetu, tukapima kila baada ya dakika kumi. Saa 6 ikapita, na kivuli kiliendelea kufupika! Hakikuanza kurefuka mpaka saa 7 ilipokwisha timia. Msichana yule alikuwa sahihi. Lililotuumiza zaidi ni yale makundi mengine matatu: nao walipima, wakaona kama alivyoona yeye, lakini wakayaacha macho yao na kufuata kauli ya mwalimu.

Sababu yenyewe si ngumu, ila hatukuwahi kuifikiria. Saa zetu za Afrika Mashariki hufuata jua la longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita baharini, mbali mashariki ya pwani yetu. Mpanda iko karibu na digrii 31. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4; kwa hiyo tofauti ya digrii 14 ni dakika 56. Dar es Salaam, iliyo karibu na digrii 39, huchelewa kiasi cha dakika 24 tu, na pengine ndiyo maana kosa hili halionekani sana huko. Hesabu hii haisimami pale pale mwaka mzima: mwezi wa Februari jua la Mpanda hufika juu kabisa kiasi cha saa 7 na dakika 10, na mapema mwezi wa Oktoba kabla ya saa 7 kasorobo. Lakini saa 6 kamili, kamwe.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Kiswahili, tofauti na lugha za Ulaya, huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Mtoto wa Mpanda mwezi wa Julai huambiwa ni saa 1 asubuhi na jua halijatokeza bado.

Jumatatu tulifuta alama ile nyekundu mbele ya darasa zima, tukaomba radhi. Wako walimu wanaohofia kwamba kufanya hivyo huondoa heshima ya mwalimu. Sisi hatukuona hivyo. Tuliona mikono mingi ikiinuka. Mtoto mmoja aliuliza swali ambalo hatujaweza kulijibu vizuri hadi leo: "Katika mtihani tuandike saa ngapi?" Tulimwambia aandike "adhuhuri, jua linapokuwa juu kuliko wakati wote", maneno yaliyo kweli popote. Twakiri kwamba msahihishaji akitaka tarakimu, mtoto huyo atapoteza alama.

Fimbo ilituonyesha na jambo la pili: kivuli cha adhuhuri kilielekea kusini. Vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya nchi za kaskazini husema jua la mchana liko upande wa kusini. Mpanda iko kusini ya Ikweta kwa digrii 6 na kidogo, na tangu Machi hadi Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi inayobaki huhamia kusini.

Kuhusu mwezi, tulikuwa na tahadhari zaidi: safari hii hatukutangaza jibu. Kila mtoto alichora umbo la mwezi kila siku kwa muda wa siku 30. Hilali ya watoto ililala kama mtumbwi, wala haikusimama kama ilivyo katika picha za vitabu vile. Tukawaacha wachore walichokiona. Baada ya mwezi mpevu wengi walileta karatasi tupu, wakidai mwezi umepotea. Tuliwaagiza watazame magharibi asubuhi wanapokuja shuleni, nao wakaja mbio kutupasha habari kwamba uko juu ya miembe! Kumbe kila siku huchelewa kuchomoza kwa kiasi cha dakika 50, ndiyo maana jioni hauonekani.

Mvulana aliyehamia kutoka Karema hakuhitaji kuambiwa. Ziwani Tanganyika dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukipevuka wavuvi hupumzika, kwa maana mwanga wa taa hauvuti samaki tena. Mpangilio huo aliujua kwa tumbo, tangu kabla hajajua kusoma. Ndugu mwalimu, kabla hujachukua chungwa na kibatari kuonyesha mzunguko wa mwezi, waulize kwanza watoto kama huyo.

Nyota hatukuzifikia sana, kwa kuwa darasa halikutani usiku. Tuliwatuma kwa babu na bibi zao kuulizia Kilimia, kishada kile kidogo cha nyota ambacho jina lake linatokana na kulima. Mwezi wa Novemba, mvua za Katavi zinapoanza, huonekana mashariki mara giza liingiapo; mwishoni mwa Aprili, mvua zikikatika, huzama magharibi mapema jioni. Wanafunzi kadhaa walirudi na majina ya kienyeji tusiyoyajua, tukayaandika ubaoni.

Fimbo tuliiacha uwanjani. Karibu na tarehe 9 Oktoba jua hupita juu ya utosi wa Mpanda, na fimbo iliyo wima hukosa kivuli kwa dakika chache. Msichana yule ndiye aliyepewa kazi ya kuitunza isitikisike, na kuamua, bila kuambiwa na mtu, ni saa ngapi darasa litoke nje.