Moto ubaki nje, joto liingie ndani

Mwezi Julai huko Makete, mkoani Njombe, anayeamka alfajiri hukuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Katika vijiji vilivyo jirani na Uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, baridi ya kuanzia Juni hadi Agosti haina mzaha. Watoto hulala na masweta, na wafugaji huhesabu kuku kila asubuhi wakiomba hesabu iwe ile ile ya jana.

Katika kijiji kimoja cha huko, mama wa watoto wawili alikuwa na vifaranga 30 wa siku nne. Binti yake mkubwa alikuwa darasa la saba, na hesabu ya mama ilikuwa rahisi: vifaranga hao wakifika Desemba watauzwa, na Januari binti ataingia kidato cha kwanza akiwa na sare na madaftari. Ili matetea warudi kutaga mapema, aliwatenga na vifaranga wao. Sasa joto la kuwalea lilikuwa juu yake.

Mume alikuwa safarini na mzigo wa mbao. Jioni ile baridi ilipozidi, mama aliweka boksi la vifaranga katika chumba cha watoto, akaingiza jiko la mkaa na kuziba dirisha kwa gunia. Mkaa ulikuwa umekolea vizuri, hauna moshi hata kidogo. Aliona amefanya kazi mbili kwa jiko moja: watoto hawatasikia baridi, na vifaranga watapona.

Saa nane usiku binti aliamka akilia kichwa. Alijaribu kusimama, akaanguka mlangoni na kutapika. Mama alipoingia, mdogo wake wa miaka mitano aliitwa mara tatu bila kuitika. Akawavuta wote wawili hadi uani, kwenye baridi ile ile aliyokuwa akiikimbia. Huko nje mdogo alianza kukohoa, kisha akafungua macho. Jirani mwenye pikipiki aliwafikisha kituo cha afya.

Tabibu alisikiliza, akauliza swali moja: “Mama, jiko lilikuwa wapi?”

Watoto waliwekewa oksijeni na kuruhusiwa kesho yake. Nyumbani, vifaranga 21 kati ya 30 walikuwa wamekufa ndani ya boksi.

Kilichotokea kina jina: kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye mkaa, kuni au jenereta. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa, huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuishiwa nguvu, ndiyo maana wengi hudhani ni malaria. Ishara ya kutilia shaka ni pale watu wa nyumba moja wanapougua kwa pamoja, kisha wakapata nafuu wakitoka nje. Hapo hatua ya kwanza ni kuwatoa wote kwenye hewa safi, ya pili ni kuwahi hospitali, hata kama wanasema wamepona.

Mama mkwe alifika siku ya tatu. Hakugomba. Alitazama vifaranga tisa waliobaki, akasema, “Mwanangu, moto ubaki nje, joto liingie ndani.” Akachemsha maji uani, akayajaza kwenye dumu la lita tano, akalifunga vizuri, akalizungushia gunia na kulisimamisha katikati ya boksi. Vifaranga wakalizunguka kama wanavyomzunguka mama yao. Boksi likahamia stoo, mbali na chumba cha watoto, kwa sababu vinyesi vya kuku huweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kila aliyewashika alinawa mikono kwa sabuni.

Katika wiki ya kwanza kifaranga anahitaji joto la kama nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa takriban nyuzi tatu kila wiki hadi manyoya yaote. Asiye na kipimajoto awatazame wenyewe. Wakibanana na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, hali ni nzuri. Usiku dumu hubadilishwa maji yakipoa.

Kuku wakubwa walihitaji kitu kingine. Wifi wa mama huyo, anayeishi Edmonton, Kanada, alituma ujumbe wa sauti. Huko baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na kuku wake sita hulala bila taa ya joto, kwa sababu taa hizo zimewahi kuunguza mabanda. Kuku mzima ana joto la mwili la kama nyuzi 41, na manyoya yake humtosha kama blanketi, mradi awe mkavu. Kinachomwumiza ni upepo unaompiga alipolala na unyevu wa pumzi na vinyesi uliofungiwa ndani. Banda likizibwa kabisa, hewa chafu huwasha macho na mapafu, na unyevu hufanya ncha za upanga wa kichwani zigande na kufa.

Basi wakakandika udongo sehemu ya chini ya kuta, wakaacha upenyo juu, chini ya paa. Maranda makavu yakatandazwa kimo cha shubiri, yaliyolowa yakatolewa kila siku. Mbao za kulalia zikawekwa kwa upande wake mpana, ili kuku akikalia vidole afunikwe na manyoya. Jioni wakapewa mahindi kidogo, asubuhi maji ya uvuguvugu.

Vifaranga wote tisa walifika Desemba. Fedha zao zilinunua sare, madaftari yakasubiri mbao za baba. Binti yuko kidato cha kwanza, na kila jioni, kabla hajaambiwa, hubeba jiko na kulipeleka uani.