Haja na Stara Safarini

Msomaji, haja ya mwili haijui cheo wala haingoji ruhusa. Utazame msafara wa baiskeli utokao Voi kwenda Taveta, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mwanamume akibanwa hushuka, hujificha nyuma ya mti, na mara yu njiani tena. Mwanamke hana wepesi huo. Hutaka stara na mwenzi wa kumlinda. Ng'ambo ya Maktau barabara hukata mbuga ya Tsavo, na kichaka cha huko huenda kikawa na ndovu.

Kwa hiyo wengine huona heri kutokunywa maji. Heri hiyo ni shari: jua hukausha mwili, na mkojo uliozuiliwa mno hukaribisha maradhi ya kibofu. Maradhi hayo huwasumbua wanawake zaidi, maana njia yao ya mkojo ni fupi, yapata sentimita 4.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kiongozi na avitaje vituo vyenye choo kabla ya kuondoka, asingoje kuombwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya usafi ufaao. Adabu njema haimnyamazishi mwanamke. Humwondolea sababu ya kuona haya.