Saa ya Puta

Tunapoelekezana matumizi ya kamera ya video, sisi wanafunzi wa Kiswahili huanza na lenzi na mikrofoni. Ile sehemu ya menyu yenye mipangilio ya jumla tunaipita haraka, kwani haina cha kupendeza: lugha ya menyu, tarehe, saa, ukanda wa saa, taa ya kurekodi. Safari yangu ya Puta, kaskazini ya Nchelenge katika ufuko wa Ziwa Mweru, ilinifundisha kuiheshimu sehemu hiyo kuliko lenzi.

Nilikwenda kurekodi mazungumzo. Upande wa Zambia wenyeji wana Kibwile na Kibemba, lakini ng'ambo ni Kongo, na wavuvi na wachuuzi wanaovuka kutoka Pweto huja na Kiswahili cha Katanga, kile cha “banasema” badala ya “wanasema”. Nilitaka kuwasikia wakiwa kazini, na dagaa wa huko, waitwao chisense, huvuliwa usiku kwa taa.

Usiku tuliokubaliana ulikuwa wa tarehe 30 Novemba. Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Kwa hiyo ulikuwa usiku wa mwisho wa kuvua kwa halali.

Kamera ilitoka Dar es Salaam, na saa ya Dar iko mbele ya saa ya Puta kwa saa moja nzima. Simu yangu ilijirekebisha yenyewe kwa kufuata mtandao. Kamera haifanyi hivyo. Hushika saa uliyoipa. Hesabu yake ni nyepesi: mtumbwi ukirekodiwa Puta saa tano na nusu usiku, kamera yenye saa ya Dar huandika 00:30, tarehe 1 Desemba. Mvuvi aliyetii sheria anageuka mvunja sheria ndani ya faili. Picha yenyewe haiwezi kumtetea, maana giza na taa za Novemba hazina tofauti na za Desemba. Mimi ningerudi chuoni na data yangu, naye angebaki na ushahidi wa uongo dhidi yake.

Basi jioni, kabla ya kushuka ufukoni, nilikaa na menyu. Kwanza niliweka mfumo wa fremu unaoendana na umeme wa hezi 50, ili taa za madukani zisipepese kwenye picha. Badiliko hilo huizima kamera na kuiwasha upya, ndiyo maana nililitanguliza. Pili nilichagua ukanda wa saa, kisha nikaihakiki saa yenyewe, kwa sababu kubadili ukanda husogeza saa pia. Tatu, niliipanga tarehe ianze na siku, ndipo mwezi, ili 1/12 isije ikasomwa kuwa Januari 12. Nne, niliiacha timukodi ihesabu mfululizo kwa saa ya mahali hata nisiporekodi. Hivyo vipande viwili vikitenganishwa na ukimya, urefu wa ukimya huo hujulikana. Mwisho nilizima mlio na taa nyekundu ya mbele, nikahifadhi mipangilio yote kwenye kadi.

Menyu ya kamera ile haikuwa na Kiswahili, kwa hiyo niliandika kila hatua kwa Kiswahili daftarini, ili atakayeichukua baada yangu asibahatishe.

Ufukoni, mzee mwenye mtumbwi aliuliza kama mashine hiyo ingempeleka kwa maofisa wa uvuvi. Nilimgeuzia kioo aisome tarehe na saa. Alitoa simu yake mfukoni, akalinganisha tarakimu moja moja bila haraka. Kisha akaniambia nipande, nikae katikati, na nisisimame tukifika kwenye maji marefu.