Nilivishwa pete Mumbai, nusura inizike Dar

USIOMBE yakukute, msomaji wangu. Kulala njaa mjini si jambo geni, wengi tumeshalala nayo, asubuhi tukapiga mswaki tukaenda kazini. Lakini uwe na maji mkononi, kiu imekukaba, unapiga funda moja tu nalo linarudi lilikotoka? We acha tu. Mimi yalinikuta Novemba 2013, siku 3 mfululizo, na balaa lenyewe nililinunua kwa pesa yangu na ya mama yangu.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mimi ni mtoto wa Temeke. Mwaka 2012 nilikuwa na miaka 29, kazi nzuri kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, na kilo 112. Urefu wangu ni mita 1 na sentimita 60. Ukigawanya kilo hizo kwa urefu mara urefu unapata karibu 44, na madaktari huanza kukuhesabu mnene wa kupitiliza ukifika 30. Nyumbani hakuna aliyeona tatizo. Kwa shangazi zangu nilikuwa nimenawiri, nimependeza, bado mume tu. Mtaani waliniita Fuso.

Siku moja Kariakoo konda wa daladala akapaza sauti, "Oya, sista alipe siti mbili!" Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka, nikazuga kama utani umenifurahisha. Nikashuka vituo viwili kabla ya kwetu, nikatembea huku nafuta machozi na upindo wa khanga. Presha nayo ilikuwa imeshaanza, vidonge kila asubuhi kama bibi kizee.

Ndipo shoga yangu wa kazini akanipa stori ya dada yake anayekaa Uingereza. Alikuja likizo amekatika kiuno kama nyigu. Kumbe amevishwa pete tumboni!

Pete yenyewe si ya dhahabu. Ni mkanda wa silikoni unaofungwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula, juu pakabaki kifuko kidogo. Ukila matonge machache kifuko kinajaa, unajiona umeshiba. Mkanda una mrija, na mrija unaishia kwenye kitufe kinachoshonwa chini ya ngozi. Daktari akichoma sindano kwenye kitufe na kutia maji ya chumvi, mkanda unabana. Akiyanyonya, unalegea. Tena aliyekuwa wa kwanza kumwekea mtu mkanda huo wa kurekebishwa kwa njia ya matundu madogo, bila kupasua tumbo zima, ni Mwafrika mwenzetu, Dk. Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, mwaka 1993 kule Huy, Ubelgiji. Marekani waliuidhinisha mwaka 2001. Nikajisemea, kama wazungu wanafungwa, mimi nani nikatae?

Bei ya Ulaya ilikuwa haishikiki. India ilikuwa afadhali, na watu wa Dar wamezoea kwenda kutibiwa huko. Nikapiga hesabu: hospitali, tiketi, viza, malazi, zaidi ya shilingi milioni 12. Akiba yangu na upatu vikafika milioni 8. Zilizobaki alikuwa nazo mama, ameuza kiwanja chake cha Mbagala, anangoja kumalizia nyumba.

Hapo ndipo nilipomwingiza mama yangu mzazi mjini. Nikamwambia nakwenda Bombay kuchukua mzigo wa madera na bangili, nikirudi namrudishia pesa na faida juu. Mama hakuuliza mara mbili. Akafungua sanduku, akanihesabia noti kitandani, akanisomea dua. "Nenda mwanangu, Mungu akufungulie."

MARCHI 2012 nikatua Mumbai. Sitawasema vibaya watu wale, hospitali ilikuwa safi na manesi wapole. Nikapigwa nusu kaputi, nikaamka na matundu 5 tumboni, kila moja na plasta yake. Kesho yake wakanitembeza korido ili damu isigande miguuni. Siku ya 10 nikapanda ndege, nimevaa soksi za kubana, kila saa nasimama na kutembea kwenye ndege kama nimepoteza kitu.

Mkononi nilikuwa na karatasi ya masharti. Wiki 2 vitu vya maji tu. Wiki 2 vya kupondwa, kisha vilaini. Tafuna mpaka kiwe uji. Usinywe maji wakati unakula. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini usijitwalie tu, zinaweza kuumiza tumbo. Na mstari wa mwisho: rudi baada ya wiki 6.

Huo mstari wa mwisho ndio uliokuwa na mtego, na mimi nilikuwa sijaupigia hesabu. Kumbe mkanda hufungwa mtupu, maji hutiwa baadaye kidogo kidogo, ziara baada ya ziara, mpaka upatikane mbano unaokufaa. Anayekaa karibu na daktari wake anapanda basi. Mimi nilitakiwa nipande ndege.

Kwa mwezi mmoja wa uji na supu nilipungua kilo 9. Niliporudi kwenye ugali, mkanda mtupu ukawa pambo, nakula kama zamani. Agosti nikakopa, nikarudi Mumbai kutiwa maji. Nikapungua tena, nikasimama tena. Februari 2013 nikaenda mara ya tatu, mfukoni sina kitu, kazini wameshaanza kunuka harufu ya ruhusa zangu. Daktari akataka kutia maji kidogo, nikae wiki moja aone. Ndege yangu ilikuwa usiku uleule. Nikamwambia, "Dokta, nijazie kabisa. Sitarudi tena."

Alisita, lakini akanijazia. Nilikunywa glasi ya maji mbele yake, ikapita taratibu, tukaagana.

Msomaji, usione watu wanapungua ukadhani wana raha. Ulifika wakati mkate ukinasa kifuani kama mfupa wa samaki. Ugali ndio usiseme. Nyama niliisahau. Vilivyoteleza ni aiskrimu, soda na chokoleti iliyoyeyuka, basi nikawa naishi kwa hivyo. Kilo zilifika 84, mtaani jina la Fuso likafutika, vijana wakaanza kusalimia. Mimi mwenyewe nilikuwa najua vyoo vyote vya Posta na Kariakoo, kwa sababu nilitapika karibu kila siku.

Usiku ndio ilikuwa kasheshe. Nikilala tu, maji machungu yanapanda mpaka kooni, nakohoa mpaka majirani wanagonga ukuta. Nikaenda zahanati. Wakanipima makohozi, wakidhani ni kifua kikuu. Hamna. Nikaenda kwingine, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Kote huko nilipoulizwa kama nimewahi kufanyiwa upasuaji, nilijibu, "Hapana, dokta." Aibu, ndugu yangu! Nilijua nikisema, nesi atasema, mtaa utajua, na mama atajua. Sasa daktari atatibu vipi kitu alichofichwa? Simlaumu yeyote kati yao.

NOVEMBA ikaja harusi ya binamu yangu. Pilau linanukia ukumbi mzima. Nikajidanganya na kipande kimoja cha nyama, kidogo kama kucha. Kikanasa. Nikakimbilia chooni, nikatapika, nikadhani yameisha. Yalikuwa ndiyo yanaanza. Usiku huo hata mate hayakushuka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu tumbo linauma upande wa kushoto, miguu inakufa ganzi, nikisimama naona giza. Mama akanibeba kwenye teksi mpaka hospitali moja kubwa ya jijini, njia nzima anasoma dua.

Daktari wa zamu alikuwa mzee wa makamo. Nilimwamkia kwa sauti ya kukauka. Akaniangalia tumbo, akapapasa, kidole chake kikasimama juu ya kitufe.

"Marahaba binti. Hiki nini?"

"Uvimbe tu, dokta."

Hakubishana nami. Akaagiza picha ya eksirei. Iliporudi aliiinua dirishani, na mama yangu alikuwa amesimama pale pale, ameshika pochi yangu. Hata asiyesoma angeona: pete nyeupe katikati ya tumbo, imelala vibaya, mrija umejikunja kama nyoka, na kitufe chini yake.

Mama akauliza, "Dokta, mwanangu kameza nini?"

Nikalia. Nikasema yote pale pale, mbele ya manesi. Mumbai, mkanda, pesa ya kiwanja, madera ambayo hayakuwahi kuwepo. Mama hakusema neno. Alikaa kwenye benchi, akatazama sakafu. Ningepigwa kofi ningeona nafuu.

Daktari yeye hakuwa na muda wa kesi za familia. Alieleza kwamba kwa kutapika kule, tumbo la chini lilikuwa limepenya na kupanda juu ya mkanda, kama mtu anayevuta shati lote lipite ndani ya mkanda wa suruali. Sehemu iliyopanda ikinyimwa damu, inaoza, na mgonjwa anaweza kufa. Kwanza akaamuru nidungwe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu mtu aliyetapika wiki nyingi akikosa vitamini hiyo mishipa ya fahamu inaharibika, na ganzi yangu ya miguu ilikuwa dalili. Kisha akatafuta kitufe kwa vidole. Kuna sindano maalumu ya kazi hiyo, isiyotoboa silikoni vibaya, lakini haikuwepo. Akachukua nyembamba ya kawaida, akasema mkanda huu haubaki humu, hivyo hata ukivuja si hoja. Akachoma, akanyonya. Maji yakajaa kwenye bomba la sindano.

Baada ya muda akaniambia nijaribu kumeza mate. Yakashuka! Sijawahi kula kitu kitamu kama mate yale.

Siku ya pili nikapasuliwa, wakautoa mkanda wote. Safari hii si matundu, ni mshono mrefu kuanzia chini ya kifua mpaka kitovuni. Mama alikaa hospitali siku 8, ananilisha uji kwa kijiko cha chai. Usiku wa tatu ndipo alipofungua mdomo. "Ungeniambia unaumwa unene wako, ningekupa pesa ileile. Ulichoninyima ni kukusindikiza."

Maneno hayo ndiyo mshono wenyewe, ule mwingine ulishapona.

SASA wadogo zangu huniandama: anti, tuambie, hizi operesheni ni mbaya? Siwezi kusema hivyo. Kuna watu wamesaidika kweli, presha na sukari zikashuka. Mkanda wenyewe siku hizi hospitali nyingi zimeuweka kando kwa sababu wengi waliofungwa walilazimika kurudi kurekebishwa au kutolewa, na watu sasa wanakatwa sehemu ya tumbo likabaki jembamba kama ndizi. Hiyo nayo ina masharti ya maisha: vitamini, vipimo vya damu, kurudi kwa daktari mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo ukipewa bei ya ng'ambo, usiulize operesheni ni shilingi ngapi halafu ukaishia hapo. Uliza nani atanitazama nikirudi Dar, na kama huyo mtu yupo, nenda ukamwone kabla hujapanda ndege. Dai karatasi zote: aina ya kifaa, namba yake, maji kiasi gani yametiwa na lini. Zitembee nazo kwenye pochi. Ukiwa na mkanda na ukashindwa kumeza maji, au ukatapika mfululizo, au tumbo likaanza kuuma ghafla, usingoje siku 3 kama mimi, kimbia hospitali na useme mapema, "Nina mkanda tumboni." Ukipata mimba, waambie kliniki mapema, pengine utahitaji kulegezwa. Na kitufe kikiwa chekundu, kinauma au kinatoa usaha, hiyo si ya kuweka maji ya moto.

Mimi kilo zilirudi mpaka 101, nikalia tena. Sasa niko 93. Natembea kila asubuhi, soda nimeachana nazo, ugali nakula kiasi, na presha napima kliniki. Konda akisema siti mbili namjibu alipe yeye moja kwa mdomo wake.

Deni la mama nilimaliza kulipa mwaka 2017, shilingi kwa shilingi. Nyumba imeezekwa, anaishi humo. Lakini kila nikiingia kumwamkia, hata kama kuna wageni sebuleni, lazima anitupie jicho na kuuliza, "Marahaba mwanangu. Ule mzigo wa madera bado haujafika?"