Kisha Exetat: Informatike Gani?



Sisi wa mwaka wa sita tuko karibu kutoka. Kila mutu anauliza mwenzake: "Kisha Exetat utasoma nini?" Wengi wanajibu: "Informatike." Lakini ukiuliza informatike gani, wananyamaza. Mimi pia ninaitaka. Kwa hiyo niliuliza wakubwa waliotutangulia, wakanifungulia kaye zao. Ninaandika niliyoona humo, maana nyumbani kwetu jambo hili si muchezo. Baba aliniambia: "Feza ya masomo ya juu iko ya mara moja. Ukianza na kuacha, dada yako njo atakosa minervale." Dada yangu anaingia sekondari mwaka ujao.

Njia ziko mbili, hata kama zinatembea pamoja. Angalieni majina tu. Huko Goma ISIG ni Institut Supérieur d'Informatique et de Gestion. Huko Kinshasa ISIPA ni Institut Supérieur d'Informatique, Programmation et Analyse. Moja imeunganisha mashini na usimamizi wa kazi. Ingine imetaja kutunga programu. Zamani mutu alifanya miaka 3 ya graduat, kisha 2 ya licence. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi yetu ilianza kufuata LMD: miaka 3 ya licence, kisha 2 ya master.

Wengine wanafikiri ordinatere na biashara vilikutana juzi tu. Hapana. Mwaka 1951, huko London, kampuni J. Lyons, iliyouza chai na mikate, ilitumia ordinatere iliyoijenga yenyewe, jina lake LEO, kwa hesabu za mikate na keki zake. Mwaka 1959 wataalamu wa Marekani walianza kutunga COBOL, lugha ya programu kwa ajili ya kazi za biashara. Mwaka 1970 Edgar Codd alionyesha namna ya kupanga habari katika meza zenye mistari, na meza moja inaitika ingine. Kaye zile za wakubwa zimejaa meza hizo.

Nilizielewa kwa kazi yangu ya kapita. Ninachunga buku ya salongo. Katika masomo yetu kuko wanafunzi wawili wenye majina sawasawa, na siku moja kosa la mumoja liliandikwa juu ya mwenzake. Yule asiye na kosa alikuwa karibu kupewa azabu, mpaka tulipotazama namba ya kila mumoja. Katika informatike ya jestio namba ile inaitwa ufunguo: kila mutu ana wake, haufanani na wa mwingine. Jina linaweza kurudia, ufunguo hapana. Wakubwa wanajifunza pia Merise, njia iliyotoka Ufaransa katika miaka ya 1970. Inakataza kukimbilia mashini. Kwanza unaandika kwa karatasi: ni habari gani tunachunga? Nani anazitumia? Kazi inapita wapi kwanza, wapi kisha? Pamoja na hiyo kuko kontabilite, sheria na matumizi ya feza. Ni masomo ya mutu atakayekaa kati ya mashini na watu wa depo, hospitali ao benki.

Kutunga programu kunashuka chini zaidi. Hapo unasema na mashini neno kwa neno: kama hivi, basi fanya hivi, kama sivyo, fanya vile. Mwalimu alitupa zoezi: mwanafunzi mwenye 50 kwa mia ao kupita, mashini iandike "amepita". Mwenzetu mumoja aliandika "kupita 50", akasahau "sawa na". Tulipojaribu, aliyepata 71 akapita, aliyepata 38 akaanguka, vizuri. Lakini aliyepata 50 kamili akaanguka pia! Mashini haikuona haya, haikuuliza kitu. Tulicheka sana. Kisha nikawaza: kama ingekuwa Exetat ya kweli, mutoto wa mutu angerudia mwaka juu ya alama moja ndogo tu. Anayetunga programu anaamua juu ya watu asiowaona.

Nilimwelezea Mama mambo haya. Yeye anauza unga na mafuta, na buku yake ya deni anaijua kupita mashini yoyote. Akaniuliza: "Hiyo ordinatere itajua nani anadanganya?" Nikamjibu hapana, inachunga paka kile ilichopewa. Akasema: "Basi mutu anayeijaza lazima ajue watu." Neno lile lilinigeuza kupita mashauri yote niliyopewa.

Kwa hiyo nimechagua informatike ya jestio, na Baba nimemwambia. Programu nitasoma pia, maana iko ndani. Lakini ninataka kwanza kujua kazi inayofanywa na watu, kisha kuiambia mashini. Wewe unayependa hesabu na kutafuta kosa moja usiku kucha, usinifuate mimi: njia ya programu ni yako. Na wewe unayefikiri informatike ni kupiga mashini kwa vidole kumi tu, jua kwamba hiyo ni kazi ingine.

Mbele ya kulipa feza za kujiandikisha, wenzangu, muulize maswali haya mane. Shule hiyo inatambuliwa na Serikali, ao kuko tu kibao kizuri pa mulango? Mwanafunzi mumoja anapata saa ngapi mbele ya mashini kwa juma? Umeme ukikatika, kozi inaendelea namna gani? Na staji inafanyiwa wapi? Musiulize ofisi peke yake. Muulize pia wanafunzi wa mwaka wa pili, hao hawafichi.

Ninyi wadogo wa mwaka wa tatu na wa ine, musingoje univerzite. Hapa tuko watatu kwa mashini moja, saa moja kwa juma, tena kama umeme uko. Lakini zoezi lile la 50 tulilitunga kwanza kwa bike na kaye, na mashini ilikuja nyuma. Kuanzia juma hili, kila siku ya ine kisha salongo, nitakaa katika salle ya mwaka wa sita na zile kaye za wakubwa. Anayetaka kujaribu aje na karatasi yake.