Timu ya Kaka Yangu

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, mwaka 2022, kaka yangu alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani. Timu ya chuo hicho ya mpira wa kikapu ina sifa tangu zamani. Ilitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1980 na 1986. Kocha mpya, Kenny Payne, alikuwa mchezaji wa timu ile ya 1986, basi watu walimpokea kwa shangwe.

Loo! Walishindwa michezo mitatu ya kwanza, kila mmoja kwa pointi moja tu. Msimu ukaisha wameshinda 4 na kushindwa 28. Kaka aliniandikia kwa uchungu: warefu tele, wa kuongoza mchezo hakuna, na kocha habadili kitu. Nilimsihi aache kupoteza fedha ya tiketi. Akanijibu, "Je, ukianguka mtihani, nami nikuache?" Niliona haya, maana muhula ule nilikuwa nimeanguka Hesabu.

Payne aliachishwa kazi Machi 2024. Msimu uliofuata, chini ya Pat Kelsey na wachezaji karibu wote wapya, walishinda 27. Kaka alikuwapo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mwanafunzi, Kidato cha IV