Nguzo Moja Kukimbia, Mbili Kutembea

Mathe alianza kukimbia akiwa na miaka 56. Ilikuwa Jumanne, Januari 2023, saa kumi na moja alfajiri, na alikuwa amevaa trakisuti yangu ya zamani ya shule ya upili, na leso kiunoni. Mimi nilikuwa nyuma yake kama bodigadi. Umoja ilikuwa bado giza, na hakuna mama wa Eastlands anayekimbia saa hiyo bila watu kuuliza anafukuzwa na nani. Makanga wa kwanza kutuona alitoa kichwa mlangoni akapiga kelele: "Shosh, wamekuibia nini?"

Mathe hakujibu. Hangeweza. Pumzi zilikuwa zimeisha kwenye nguzo ya kwanza ya stima.

Wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameenda kliniki kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma kila asubuhi. Mashine ya presha ikasoma 158 kwa 96. Daktari akamwandikia vidonge, akamwambia apunguze chumvi, na atembee angalau nusu saa karibu kila siku. Mathe ana kibanda cha chapati na maharagwe karibu na steji. Huwa amesimama kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi usiku. "Daktari anadhani mimi hukaa," aliniambia akiwa amekasirika kidogo.

Nikamsomea kwenye simu kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Akapiga hesabu kimya, vile yeye hupiga hesabu ya unga na mafuta. "Sasa nikikimbia si zitaisha haraka?" Nilicheka. Lakini nilipoendelea kusoma nikapata kwamba yeye ndiye alikuwa sawa. Kwa mazoezi makali, dakika 75 zinatosha.

Mimi nilikuwa na miaka 23. Nilikuwa nimeacha chuo tangu 2021, naishi kwake, naandika makala za watu wengine mtandaoni kwa malipo ya kununua bando. Mathe alijua nimeacha. Sababu niliyompa ni kwamba kozi haikuwa yangu, na kwamba uandishi ungenilisha. Alinyamaza siku mbili, akasema sawa. Hatukuwahi kuizungumzia tena. Kwa hivyo aliponiambia ananihitaji alfajiri, sikuwa na mdomo wa kukataa.

Mpango wetu ulitokana na nguzo za stima, kwa sababu hakukuwa na kipimo kingine gizani. Nguzo moja kukimbia, mbili kutembea. Njia ilikuwa kutoka ploti yetu hadi Mutindwa, halafu ile njia ya waenda kwa miguu ya Outering kuelekea Donholm, kisha kurudi. Simu yangu ilisema ni kilomita 5 kwenda na kurudi. Wiki tatu za kwanza hatukufika hata nusu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi tulitoka, siku zile zingine miguu yake ilikataa ngazi.

Mashauri tulipewa na soja wa ploti. Anatoka upande wa Iten, kwa hivyo ploti nzima humwita Kipchoge, jina ambalo si lake. "Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe tu," husema kila mara. "Sijawahi kukimbia hata kukimbilia gari." Lakini macho alikuwa nayo. Siku moja alimwangalia Mathe akiingia getini akihema kama injini ya posho mill, akatikisa kichwa. "Mama, unaharakisha. Wale mabingwa kule kwetu wakianza asubuhi, hata wewe ungewapita. Wanaenda polepole wakipiga stori. Ukiona huwezi kupiga stori, ujue umezidisha."

Nilidhani ni stori za soja. Baadaye nikasoma na kuona makocha wanasema hivyohivyo. Sehemu kubwa ya mazoezi ya mkimbiaji mzuri hufanywa kwa mwendo wa chini, mwendo wa kuongea, kwa sababu hapo ndipo moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja na misuli huota mishipa midogo ya kupeleka hewa. Mwendo wa kasi una kazi yake, lakini ni kama pilipili. Na sisi wa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa haikuhurumii ukianza na fujo.

Kwa hivyo tukaanza kupiga stori. Mwanzoni ilikuwa ngumu kuliko kukimbia. Mtu anaweza kuishi na mamake nyumba ya chumba kimoja na nusu kwa miaka na bado wasijue pa kuanzia. Tuliongea bei ya unga. Tuliongea mteja anayekula chapati nne na kulipa tatu. Machi, nguzo zikawa mbili kwa mbili. Mei, nne kwa moja.

Mathe alinunua daftari la kurasa 96, lile la mistari, akawa anaandika. Nilimwambia Kipchoge halisi, Eliud, pia huandika mazoezi yake kwenye daftari kwa mkono, miaka na miaka. Alifurahi sana. "Kumbe hata yeye hana simu nzuri." Daftari lilisema hivi: Machi 2023, kilomita 5, dakika 51 na sekunde 40. Juni, dakika 46 na sekunde 15.

Halafu akalewa. Sijui niiteje vingine. Dakika tano zilizopungua zilimpanda kichwani, akaanza kutoka siku sita kwa wiki, na Jumapili kabla ya kanisa akaongeza nyingine. Julai, kisigino cha kushoto kikakataa. Asubuhi alikuwa akishuka kitandani kama mtu anayekanyaga misumari. Daktari alimweleza kitu ambacho ningependa kila mtu anayeanza ukubwani akijue: moyo na mapafu huzoea mapema, lakini kano, kama ile ya nyuma ya kisigino, hupata damu kidogo na huchukua miezi mingi kukaza. Ukisikia pumzi zimetosha unadhani mwili wote uko tayari. Mguu bado uko Januari. Na ukishapita hamsini, mapumziko yanahesabika kama mazoezi.

Alikaa wiki tano bila kukimbia. Kila jioni, baada ya kufunga kibanda, alisimama kwenye ngazi ya ploti kwa vidole, akashusha visigino polepole, mara kumi na tano, akapumzika, akarudia. Watoto wa ploti walimfanya mchezo, wakawa wanajipanga nyuma yake. Alipotoka tena Septemba, daftari lilisoma dakika 47 na sekunde 30. Amerudi nyuma. Nilitaka kumwambia asiandike hiyo. Aliandika, akapiga mstari chini yake na rula.

Desemba ilikuwa 43 na sekunde 5. Alhamisi zikawa siku za fatleki: nguzo mbili haraka, nguzo tatu pole. Nilikuwa nimeanza kuachwa kwenye zile nguzo mbili, na makanga walikuwa wameanza kumsalimia yeye, si mimi.

Usiku wa Jumapili tarehe 11 Februari 2024, Kelvin Kiptum alikufa kwenye ajali ya gari, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Miezi minne kabla, kule Chicago, alikuwa amekimbia marathoni kwa saa 2 na sekunde 35, mtu wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 1 katika mashindano rasmi. Jumatatu nzima redio ya kibandani haikuwa na jambo lingine. Jumanne tukatoka kama kawaida.

"Miaka ishirini na nne," Mathe alisema tukikaribia Mutindwa. "Umri wako kabisa."

Nilisubiri ile sentensi nyingine. Ile ambayo mzazi yeyote ana haki ya kuisema. Tulizaliwa mwaka mmoja, mimi na Kiptum. Yeye alikuwa ameacha rekodi ya dunia. Mimi nilikuwa na simu iliyopasuka kioo na uongo wa miaka mitatu.

Sentensi haikuja. Alisema tu, "Punguza, unanivuta."

Nikapunguza. Na kwa sababu nilikuwa nimepunguza, nilikuwa na pumzi ya kusema.

"Mathe, ile karo ya 2021. Sikuilipa."

Hakugeuka. Ilikuwa shilingi 32,000. Alikuwa ameikopa kwenye chama cha akina mama, akanitumia yote kwa siku moja na ujumbe ulioandikwa "soma".

"Nilibeti."

Nilianza na mia mbili. Niliona nikizidishe kidogo nitamrudishia hata kabla hajaanza kulipa chama. Mkeka wa kwanza ulishika, nikapata 1,800, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Baada ya hapo mikeka ilichanika mmoja baada ya mwingine, mwingine kwa bao la dakika ya 90, mwingine kwa timu ambayo hata jina lake siwezi kulitamka. Hakuna siku nilipoteza elfu thelathini. Nilipoteza mia tatu, mia tano, elfu moja. Ilichukua wiki saba.

Mathe aliendelea kukimbia. Nilihesabu nguzo nne. Kisha akasimama, kitu ambacho hakuwa amekifanya katikati ya njia tangu Mei.

"Yote?"

"Yote."

"Nililipa chama miezi kumi," alisema. Sauti yake haikupanda. "Ile miezi nilikuwa nafungua Jumapili." Akavuta leso, akaikaza. "Usinifuate."

Akarudi nyumbani akitembea. Daftarini, tarehe hiyo haina kitu.

Alhamisi niliamka saa kumi na moja na dakika kumi, nikapata mlango umerudishwa tu na trakisuti haiko. Nilitoka mbio bila kufunga kamba za raba. Nilimpata karibu na Mutindwa, peke yake kwenye giza. Sikumkaribia. Nilikaa nguzo mbili nyuma, kwa sababu nguzo mbili ni umbali ambao mtu akimgusa naweza kufika. Alijua niko. Hakugeuka hata mara moja. Jumamosi hivyo. Jumanne hivyo. Hivyo karibu wiki tatu, na nyumbani tuliongea chumvi, maji, kodi.

Machi nililipwa 4,500 kwa makala tatu. Nikamtumia 1,500 kwa M-Pesa, bila ujumbe, kwa sababu sikujua niandike nini. Hakusema ameipata. Jumanne iliyofuata, tukiwa tumetoka, yeye mbele na mimi nyuma, alisimama chini ya nguzo akanisubiri. Nilipofika alikuwa ameweka mikono kiunoni.

"Simu iko na wewe," alisema. "Sasa mimi nitajuaje nimekimbia ngapi?"

Hiyo asubuhi alikimbia dakika 42 na sekunde 10. Nilipofungua daftari kumwandikia, likafunguka ukurasa wa mwisho. Kwa mwandiko wake ule wa herufi kubwa: KARO 32,000. MACHI 1,500. BAKI 30,500.

Hatujawahi kukaa chini tukaongea hadi tukamaliza. Sijui kama amenisamehe. Ninachojua ni kwamba ukurasa wa mbele unashuka na ukurasa wa nyuma unashuka, na yote miwili ina miezi mibaya. Juni alishuka hadi dakika 40 na sekunde 2, akanisukuma karibu nianguke kwa zile sekunde mbili. Julai mimi nilitoa sufuri, na yeye aliandika sufuri. Alipiga mstari chini yake na rula.

Oktoba 2024 tulijiandikisha Nairobi Marathon, kilomita 10. Alivaa raba za Gikomba za shilingi 1,200 na ile trakisuti, ingawa nilimwomba avae kitu kingine. Mwanzoni watu walitupita kama maji. Mathe hakuyumba. Alikuwa na mwendo wake, ule wa kupiga stori, na alipiga kweli: alisalimia kila mzee aliyempita na kila kijana aliyempita. Kilomita ya sita tukaanza kuwakuta wale vijana wamekaa kando ya barabara wameshika mbavu. Kilomita ya nane nikaanza kushika zangu.

"Piga stori," akasema.

"Siwezi."

"Basi umezidisha. Punguza."

Alipunguza pamoja nami nguzo mbili, kisha akaniacha. Alimaliza kwa saa 1, dakika 18 na sekunde 51. Nilimkuta ameketi kwenye nyasi, medali shingoni, anamweleza mama mwingine kuhusu visigino na ngazi.

Juzi kliniki mashine ilisoma 134 kwa 84. Bado anameza vidonge. Daktari hakuviondoa, na Mathe hakuomba. Mimi bado sijarudi chuo, na sijui kama nitarudi. Programu ya kubeti niliifuta mwaka ule ule, lakini Jumamosi jioni mechi zikianza vidole bado hukumbuka, na huwa nampa simu akae nayo. Ukurasa wa nyuma unasema BAKI 11,500. Mwaka huu anataka kilomita 21, na soja amemwambia inawezekana, yeye ambaye hajawahi kukimbilia hata gari.

Ya mwisho kuandikwa ni ya leo asubuhi, na ameiandika mwenyewe: KM 5. DK 38, SEK 20. MVUA. KIJANA ALICHELEWA DAKIKA NNE.